Matumizi ya vifaa vya tiba vya umeme katika safari za nje

Matumizi ya vifaa vya tiba vya umeme katika safari za nje ni suala linalomhusu mgonjwa anayebeba mashine yake kwenda nchi ambako umeme wa majumbani una volti, masafa au soketi tofauti na za kwao. Vifaa hivyo ni kama vile mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa mtu anayekatika pumzi usingizini, mashine ya oksijeni, nebulaiza ya wenye pumu, chaja ya kiti cha magurudumu cha umeme, pampu ya maziwa ya mama, na mashine ya kusafisha damu kwa njia ya tumbo.

Simu iliyochomekwa vibaya humtia mwenyewe hasara ya pesa tu. Kifaa cha tiba kina hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa anaweza kukosa tiba usiku uleule anaofika, katika mji asioujua, na pengine asiojua lugha yake. Ya pili haionekani kwa urahisi: kifaa huweza kuwaka, taa zake zikang'aa na sauti yake ikasikika, lakini kisifanye kazi inayotakiwa.

Volti na masafa

Umeme wa majumbani karibu kote duniani ni wa mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo wake mara nyingi katika kila sekunde. Hutambulishwa na mambo mawili: volti, ambayo ni msukumo wake, na masafa, ambayo ni idadi ya mizunguko yake kwa sekunde. Masafa hupimwa kwa hezi (Hz).

Kwa upande wa volti, nchi zimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi kubwa zaidi hutumia volti 220 hadi 240. Humo zimo nchi zote za Afrika Mashariki, Kongo, Afrika Kusini, Ulaya, Uhindi, China, Australia, Omani na Falme za Kiarabu. Kundi la pili hutumia volti 100 hadi 127: Marekani na Kanada zina 120, Mexico 127, na Japani 100. Brazil ina volti 127 katika miji fulani na 220 katika mingine, hivyo msafiri wa huko hana budi kuuliza mji baada ya mji.

Tofauti ndogo ndani ya kundi moja si tatizo. Tanzania hutaja volti 230, Kenya na Uganda 240, Burundi 220. Kifaa kilichotengenezwa kwa moja ya hizo kwa kawaida hustahimili nyingine. Nchi za Ulaya, ambazo zamani nyingine zilikuwa na 220 na Uingereza 240, zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha 230 chenye nafasi ya kupanda au kushuka. Tatizo huanza mtu anapovuka kutoka kundi moja kwenda jingine.

Sababu inaeleweka kwa hesabu ya kidato cha tatu. Nguvu inayotumiwa na koili ya kupasha moto hutokana na mraba wa volti. Volti zikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kipasha maji cha wati 60 kilichotengenezwa kwa volti 120, kikipewa 240, hujaribu kutoa wati 240, nacho huungua kwa muda mfupi. Kinyume chake, kifaa cha volti 240 kikipelekwa Marekani hupata robo ya nguvu yake: maji yatakuwa vuguvugu tu, na mota huweza kushindwa kuanza kuzunguka, ikakaa inaunguruma na kupata joto.

Masafa husahaulika zaidi, pengine kwa sababu mtu hayahisi popote. Nchi nyingi hutumia hezi 50. Marekani, Kanada, Mexico, Brazil, Ufilipino na Korea Kusini hutumia 60. Japani ina yote mawili ndani ya nchi moja. Mwaka 1895 Tokyo ilinunua jenereta za Kijerumani za hezi 50, na mwaka uliofuata Osaka ikanunua za Kimarekani za hezi 60. Hadi leo mashariki ya nchi iko kwenye 50 na magharibi kwenye 60.

Kwa Waswahili wengi nchi ya kuangaliwa zaidi ni Saudia, kwa sababu ya Hija na Umra. Umeme wake ni wa volti 230 kama wa nyumbani, na soketi zake za kisasa ni za pini tatu bapa kama za Nairobi na Dar es Salaam, lakini masafa yake ni hezi 60, ilhali jirani zake Omani na Falme za Kiarabu wako kwenye 50. Hujaji mwenye nebulaiza ya hezi 50 ataichomeka bila kikwazo chochote, nayo itaunguruma tofauti na ilivyozoeleka. Mota nyingi za mkondo geu hufuata masafa: mota ambayo kwa hezi 50 ingezunguka takriban mara 1,500 kwa dakika, kwa hezi 60 hukaribia 1,800. Ikitoka 60 kwenda 50 hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na koili zake huvuta mkondo mwingi zaidi na kupata joto.

Kibandiko cha kifaa

Majibu ya maswali mengi yameandikwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya mashine. Mashine nyingine haina kibandiko hicho kwenye mwili wake, kwa kuwa umeme wa ukutani hauifikii moja kwa moja. Kipo kwenye boksi dogo jeusi lililo katikati ya waya wake, ambalo watu wengi huliita chaja.

Mstari wa kutafutwa ni ule wa umeme unaoingia. Ukisomeka "100–240V ~ 50/60Hz", kifaa kinakubali umeme wa karibu nchi yoyote, na msafiri anahitaji adapta ya plagi tu. Alama ya wimbi (~) ina maana ya mkondo geu. Ukisomeka "230V ~ 50Hz" au "120V ~ 60Hz", kifaa ni cha umeme huo peke yake. Vifaa vichache vina swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Swichi hiyo hubadilishwa kabla ya kuchomeka, na inafaa kuangaliwa tena, kwa sababu huweza kusukumwa ndani ya begi bila mtu kujua.

Mstari wa pili ni wa umeme unaotoka kwenda kwenye mashine, kwa mfano volti 24 na ampea 3.75. Volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati, hapa 90. Namba hiyo itahitajika wakati wa kuchagua transfoma au betri. Mstari huohuo ndio unaokataza kuazima chaja ya mtu mwingine kwa sababu tu kichwa chake kimeingia: mashine mbili za CPAP zinazofanana kwa sura huweza kuwa moja ya volti 12 na nyingine ya 24.

Kama kibandiko kimefutika, kitabu cha maelezo cha kifaa ndicho cha kutegemewa. Kukisia hakufai.

Plagi na soketi

Umbo la plagi halisemi lolote la uhakika kuhusu volti. Ni desturi ya nchi tu. Aina za plagi hutajwa duniani kwa herufi, kuanzia A.

Aina A ina pini mbili bapa zilizosimama sambamba, na B huongeza pini ya mviringo ya ardhi. Hizi ni za Marekani, Kanada na Japani. Aina C ina pini mbili nyembamba za mviringo na huonekana sehemu kubwa ya Ulaya, pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi. E ya Ufaransa na F ya Ujerumani zina pini mbili nene kidogo, zikitofautiana katika namna ya kupata ardhi: ya Kifaransa hutumia pini inayochomoza kutoka kwenye soketi, ya Kijerumani hutumia vibanio vya pembeni. Plagi nyingi za sasa za Ulaya huingia katika zote mbili. Uswisi ina aina yake, J, na Italia ina L yenye pini tatu katika mstari mmoja. Australia na China hutumia I, yenye pini bapa zilizoinama.

Uingereza iliacha urithi wa namna mbili. Ule wa zamani ni aina D, yenye pini tatu za mviringo zilizopangwa pembetatu, ambao bado ni wa kawaida Uhindi na huonekana pia katika majengo ya zamani ya Tanzania; ndugu yake mkubwa ni aina M ya ampea 15, inayotumika Afrika Kusini. Ule mpya ni aina G, plagi ya pini tatu bapa, yenye fyuzi ndani yake na pini ya juu iliyo ndefu kuliko nyingine. Aina G ndiyo ya Kenya, Uganda, Tanzania, Omani, Falme za Kiarabu na Uingereza yenyewe. Mgonjwa anayetoka Tanzania kwenda Chennai au Mumbai kwa matibabu, safari ambayo imekuwa ya kawaida kwa miaka mingi, huwa na volti na masafa yaleyale ya nyumbani, na anachohitaji ni adapta ya kutoka G kwenda D.

Pini ya juu ya plagi aina G imefanywa ndefu kwa makusudi: hutangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, ili mtoto asiweze kuingiza msumari humo. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kifuniko hicho hufunguliwa kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, kijiti au mpini wa kijiko, kisha plagi ya pini mbili za mviringo hukandamizwa katika matundu ya chini. Chaja ya simu huishi hivyo miaka mingi, na hiyo ndiyo sababu watu huona ni jambo dogo. Pini za mviringo hazikushikwa sawasawa na vyuma vilivyotengenezwa kwa pini bapa. Mgusano ukilegea hutoa cheche na joto, na mashine inayofanya kazi usiku kucha kando ya kitanda, karibu na chandarua na mashuka, haifai kutegemea mgusano wa namna hiyo. Plagi hiyo pia haina fyuzi wala ardhi. Adapta yenye fyuzi kwa ajili ya kazi hiyo hupatikana madukani.

Adapta na transfoma

Maneno haya mawili huchanganywa sana madukani. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Umeme unaoingia ndani yake hutoka vilevile ulivyo. Mtu anayenunua adapta ya kwenda Marekani kwa ajili ya nebulaiza ya volti 230 amepata njia ya kuichomeka, hajapata umeme wake.

Cha kubadilisha volti ni transfoma. Ina koili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, na kwa hiyo ni nzito. Uzito huo ndio unaoitofautisha na vibadilishi vyepesi vya kielektroniki vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele. Vibadilishi vyepesi hukatakata wimbi la umeme ili kupunguza nguvu yake. Koili ya pasi haijali, lakini saketi za mashine ya tiba huweza kuharibika au kutoa vipimo vya uongo. Maandishi makubwa ya "wati 1600" kwenye kifaa chepesi cha kuenea kiganjani yasimdanganye mtu.

Transfoma nayo huchaguliwa kwa wati. Inapaswa kuzidi mahitaji ya mashine kwa nafasi ya kutosha, hasa kwa mashine yenye mota, kwa kuwa mota huvuta mkondo mkubwa sana katika nukta ya kuanza. Mashine ya oksijeni ya wati 350 haifai kuwekwa kwenye transfoma ya wati 400.

Transfoma haibadilishi masafa. Nebulaiza ya 120V 60Hz iliyoletwa Mombasa na kuwekwa kwenye transfoma nzuri hupata volti zake 120, lakini mota yake huendelea kuzunguka polepole kwa hezi 50. Kwa vifaa vya namna hiyo, mara nyingi ni nafuu na salama zaidi kununua au kukodi kifaa cha nchi husika kuliko kuhangaika na vibadilishi.

Waya wa ardhi

Plagi ya pini tatu hubeba waya wa ardhi. Kazi yake ni kuupeleka mkondo ardhini iwapo waya wa ndani umeachia na kugusa bodi ya chuma, badala ya mkondo huo kupita kwa mgonjwa. Mtu aliyevaa barakoa yenye unyevu, au mwenye mirija iliyoingia mwilini, hana kinga ya kawaida ya ngozi kavu.

Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vina ukingo maradufu na havihitaji ardhi. Vifaa vingi vilivyokusudiwa kutumika nyumbani viko hivyo, kwa kuwa mtengenezaji hawezi kujua hali ya nyaya za kila nyumba. Kifaa kisicho na alama hiyo na chenye plagi ya pini tatu kinahitaji adapta inayopitisha ardhi hadi mwisho. Adapta nyingi za bei ndogo zina tundu la tatu ambalo ndani halikuunganishwa na kitu. Kukata pini ya ardhi ili plagi iingie ni kosa ambalo halina udhuru.

Vifaa mbalimbali

Mashine ya CPAP ndiyo rahisi zaidi. Tiba hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney. Mashine za leo karibu zote hukubali volti 100 hadi 240. Hufanya kazi kwa mkondo mnyoofu wa volti 12 au 24, hivyo huweza kuendeshwa pia na betri kwa waya maalumu. Kinachokula umeme mwingi ni kipasha maji cha kulainisha hewa, na mtu mwenye betri ndogo hukizima ili betri ifike asubuhi. Maji yanayofaa humo ni yaliyotoneshwa. Chombo cha maji humwagwa kabla ya kufungasha, la sivyo maji huingia ndani ya mota njiani.

Mashine ya oksijeni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, ikabaki oksijeni ya takriban asilimia 90 au zaidi. Ya kukaa chumbani ina uzito mkubwa na kompresa inayotegemea masafa. Nyingi ni za umeme wa aina moja tu. Ya kubebeka ina betri na hukubali umeme wa nchi zote, lakini nyingi kati ya hizo hutoa oksijeni kwa mipigo, kila mgonjwa anapovuta pumzi, na si kila mgonjwa anatoshelezwa na mipigo. Swali hilo hujibiwa na daktari kabla ya safari, akimpima mgonjwa kwa mashine yenyewe. Mpango wa kawaida ni kubeba ya betri kwa ajili ya njiani, na kukodi ya chumbani kule uendako ili ikusubiri.

Nebulaiza ya kompresa ndiyo yenye udanganyifu zaidi. Ikipewa volti pungufu huunguruma na kutoa ukungu hafifu. Mgonjwa hukaa nayo dakika 10, akaiweka kando akiamini ametumia dawa yake. Dalili ni muda: dawa iliyokuwa ikiisha kwa dakika kadhaa nyumbani, ikichukua mara mbili ya hapo, mashine haipati umeme wake. Nebulaiza ndogo za kiwambo cha vitundu hutumia betri za kawaida au waya wa USB, na zimewaondolea wasafiri wengi tatizo hili.

Wenye kisukari huhitaji umeme si kwa kipima sukari, ambacho hutumia betri ya kitufe, bali kwa kuhifadhi insulini. Akiba ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kalamu inayotumika kwa kawaida huvumilia joto la chumba lisilokali kwa takriban wiki nne, kufuatana na maelezo ya mtengenezaji. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, ndiyo maana haiwekwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege wala kugusana na sehemu ya barafu ya friji. Pasipo umeme, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine chenye mchanga wenye maji hupunguza joto kwa kiasi kizuri. Hufanya kazi vizuri zaidi bara penye hewa kavu, kama Dodoma, kuliko pwani ambako unyevu wa hewa huzuia maji kukauka.

Kipima presha, vifaa vya kusikia na vidogo vingine havina shida kubwa. Betri za akiba zinatosha. Chaja ya kiti cha magurudumu huangaliwa kibandiko chake kama kifaa kingine chochote. Kwa anayesafisha damu kwa njia ya tumbo kwa mashine ya usiku, kituo chake hutakiwa kumwambia kama mashine inakubali umeme wa huko, na pia kumfundisha kubadilisha maji kwa mkono, njia isiyohitaji umeme. Njia ya namna hiyo ipo kwa vifaa vingi: mwenye pumu huweza kubeba kipulizo na chupa yake ya kuvutia, na mama anayenyonyesha pampu ya mkono.

Ndani ya ndege

Kifaa cha tiba hubebwa mkononi, si kwenye mzigo mkubwa, kwa kuwa mzigo huweza kupotea na hutupwatupwa. Katika ndege zinazofuata sheria za Marekani kifaa hicho hakihesabiwi kama sehemu ya mizigo ya mkononi ya abiria. Barua ya daktari inayotaja jina la kifaa na sababu ya kukitumia, ikiwa kwa Kiingereza au lugha ya nchi inayoendewa, hupunguza maswali kwenye ukaguzi na forodhani.

Betri za lithiamu zina masharti yake. Kipimo ni wati-saa, kinachopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 12 na ampea-saa 8 ina wati-saa 96. Isiyozidi 100 hubebwa bila ruhusa maalumu. Kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Betri za akiba hukaa na abiria ndani, ncha zake zikiwa zimefunikwa ili zisigusane na funguo au sarafu. Hazipelekwi chini kwenye mizigo.

Mitungi ya oksijeni ya abiria hairuhusiwi katika mashirika mengi. Mashine ya betri inayokubalika huruhusiwa, lakini shirika huweza kudai betri za kutosha kwa mara moja na nusu ya muda wa safari. Kwa safari ya angani ya saa 6 ni betri za saa 9, na anayebadilisha ndege huongeza saa za kusubiri uwanjani. Soketi za kwenye viti vya ndege hutoa nguvu ndogo na huweza kuzimwa wakati wowote, kwa hiyo hazihesabiwi.

Hotelini na kwa wenyeji

Vyumba vingi vya hoteli huwaka umeme kwa kadi iliyochomekwa mlangoni. Mgonjwa akitoka kwenda kula na kadi yake, soketi na friji huzimika, naye hurudi kukuta betri ya mashine haikuchajiwa na insulini imepata joto. Mapokezi wakielezwa huweza kutoa kadi ya pili ya kubaki mlangoni.

Soketi za bafuni zilizoandikwa kuwa ni za wembe, hasa katika hoteli za mtindo wa Kiingereza, zina transfoma ndogo sana na hazifai kwa mashine yoyote ya tiba, ingawa huonyesha volti 115 na 230 kwa pamoja na kuonekana kama zimetengenezwa kwa ajili ya msafiri.

Soketi huwa mbali na kitanda mara nyingi kuliko inavyotarajiwa, na waya wa kuongezea wa nyumbani ni mzigo wenye faida. Tahadhari moja: ekstensheni ya Marekani yenye kinga ya umeme mwingi imewekewa kipande kinachoanza kufanya kazi volti zikizidi zile za huko. Ikichomekwa kwenye volti 230, hata kwa adapta nzuri, kipande hicho huona umeme wa kawaida kuwa ni hatari, hupata joto na huweza kuwaka moto.

Umeme usiotulia

Anayekuja Afrika Mashariki kutoka Ulaya, Ghuba au Marekani hupaswa kujiandaa kwa jambo ambalo vitabu vya safari hulitaja kwa ufupi mno: umeme hukatika. Kinachoharibu mashine si giza lenyewe, bali mapigo ya volti umeme unaporudi. Mashine huchomolewa mara umeme unapokatika, na hurudishwa baada ya dakika chache umeme ukishatulia. Kifaa cha kulinda friji kinachouzwa kila duka la umeme hufanya kazi hiyo chenyewe, mradi kinalingana na nguvu ya mashine.

Jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti na masafa kila mzigo unapobadilika, kama pampu ya maji ya jirani inapowashwa. Inveta ya sola huwa ya aina mbili: ya wimbi safi na ya wimbi la ngazi. Ile ya ngazi ni ya bei nafuu, huwasha taa na redio bila lawama, lakini hutia joto mota na chaja nyingi za mashine za tiba. Mgonjwa anayetegemea mashine usiku huuliza inveta ni ya aina gani kabla ya kukubali mwaliko wa kulala.

Vifaa vinavyoletwa kutoka ng'ambo

Upande mwingine wa suala hili ni vifaa vinavyosafiri bila mgonjwa. Ndugu walioko Marekani au Kanada huwanunulia wazazi wao mashine na kuzituma kwa mgeni anayekuja, na makanisa, misikiti na vyama vya hisani hutuma makontena ya vifaa vilivyotumika kwenda hospitali za wilayani. Mashine ya volti 120 iliyochomekwa kwenye 230 mara nyingi huisha siku ya kwanza, ikiacha harufu ya kuungua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu misaada ya vifaa tiba mwaka 2011, ukisisitiza kwamba mtoaji na mpokeaji waafikiane kwanza juu ya kinachohitajika na mazingira kitakakotumika.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale fundi anapoifanyia mashine hiyo hisani ya kukata plagi yake ya Kimarekani na kufunga ya pini tatu bapa. Plagi ya kigeni ilikuwa onyo pekee lililobaki. Baada ya hapo transfoma ikihamishiwa chumba kingine, muuguzi wa zamu ya usiku huona plagi inaingia vizuri ukutani, akaichomeka. Hospitali zenye mafundi wa vifaa tiba huacha plagi ya asili ilivyo, huifunga transfoma kwenye kigari kimoja na mashine, na kuandika volti 120 kwa rangi nyekundu kwenye bodi ya mbele.